Misugusugu: Gozi likihamia, mbio zinalala wapi?

Ukimwambia mtoto wa mjini "leo tunaenda kiwanja", kitu cha kwanza anapiga pasi shati, maana akili yake ishafika kwenye muziki, nyama choma na kitu baridi. Leo nakupeleka kiwanja kweli, chenye magoli, mchanga, na mbuzi wanaokatiza katikati wakati mpira unachezwa. Hakina mabaunsa wala kiingilio. Kipo Misugusugu, Kibaha, na nimerudi kutoka huko na swali lililonikaa kichwani kuliko nyimbo zote za mwezi huu.

Swali lenyewe ni hili: soka ikishahamia uwanjani, wakimbiaji waende wapi?

Najua wewe msomaji wa Simba na Yanga umeshaanza kuguna. Vuta subira kidogo. Ndani ya stori hii wamo West Ham, wamo Manchester City, na yumo Samatta wetu kwa mbali. Ila kwanza tupande gari.

NJIA NANE MPAKA KIBAHA

Kwenda Misugusugu hakuhitaji maandalizi ya harusi. Unafika Mbezi, Stendi ya Magufuli, unatafuta gari ya Mlandizi, unakaa dirishani. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mpaka Kibaha imepanuliwa ikawa njia nane, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya safari unateleza tu. Kiluvya hiyo, Maili Moja hiyo. Baada ya hapo majina yanakuja moja moja kama abiria wa kituoni: Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kongowe. Nyumba zinaanza kuachiana nafasi, mikorosho inajitokeza, na upepo unaoingia dirishani hauna tena harufu ya moshi wa mjini.

Katika kipande hicho cha Kibaha, eneo la Mkuza, kuna kitu ambacho vijana wengi tunakipita tukiwa tumeinamia simu. Ni shule za Filbert Bayi. Kwa msomaji wa rika langu, Bayi ni jina la shule. Unasikia fulani anasoma "kwa Bayi", basi, imetoka hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina ni mtu, na kwamba mtu huyo aliwahi kuwa mwenye kasi kuliko binadamu wote duniani kwenye mbio za mita 1,500.

Ilikuwa tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alikuwa na miaka 20. Bunduki ilipolia alitoka mbele, akakaa mbele, akamaliza mbele. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji, na wa tatu Ben Jipcho wa Kenya. Mwaka uliofuata, 1975, akavunja na rekodi ya maili moja, mjini Kingston, Jamaika, kwa dakika 3 na sekunde 51. Mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kwenye michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 inamalizika, Tanzania ilikuwa na medali hizo mbili tu za Olimpiki, na zote zimetoka kwenye mbio. Soka bado haijatuletea hata ya shaba.

Weka hilo pembeni, tutalirudia. Konda ameshaita, "Misugusugu mshuke!"

MJI WA MALORI

Madereva wa malori wanaijua Misugusugu kuliko sisi wa Dar. Hapa ndipo kilipo kituo cha ukaguzi cha TRA cha mizigo ya kwenda nje. Malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanapita njia hii, usiku na mchana. Ukikaa kwenye kibanda cha chai pembeni ya barabara unasikia ardhi inatetemeka chini ya kiti, na mwenye kibanda anaendelea kukaanga chapati kama hakuna kilichotokea. Ukiiacha lami ukaingia ndani kidogo, kelele inakatika. Mchanga mweupe, miembe, mikorosho, kuku, na watoto wanaokusalimia "shikamoo" hata kama umewazidi miaka minane tu. Nilijisikia mzee ghafla.

Kiwanja nilichokwenda kukiona kiko ndani huko. Ni cha mchanga, nyasi ziko kwenye kona tu, magoli ni ya miti. Kila jioni hapo ni gozi. Timu ya mtaa huu na timu ya mtaa ule, refa mwenye filimbi lakini bila saa, na watazamaji wamejipanga mstari kuzunguka uwanja mzima, wengine wamekaa juu ya bodaboda zao. Raha yake usipime. Ukishangilia unamgusa winga bega. Ukimtukana kipa anakujibu.

Sasa angalia miguu ya hao watazamaji. Wanasimama wapi? Wamesimama juu ya mistari. Ndiyo, kiwanja kile kina mistari ya mbio, ya majivu, inayochorwa wakati wa michezo ya wanafunzi. Inazunguka nje ya mpira, inapinda nyuma ya magoli, inarudi. Niliifuata kwa macho. Upande wa barabara ilikuwa bado inaonekana, upande wa miembe ilishafutwa na matairi ya bodaboda, na nyuma ya goli moja mtu alikuwa ameweka meza ya miwa.

Nilimsalimia mzee aliyekuwa amekaa kwenye gogo karibu na meza hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta mtu?"

"Hapana mzee, naangalia kiwanja. Hii mistari ya nini?"

Akacheka. "Hiyo ya mbio. Zamani ndiyo ilikuwa kazi ya kiwanja. Mpira ulikuwa unacheza katikati, lakini siku ya mbio watu walikuwa wanajaa kuliko leo. Sisi tumekua tunasikia habari za Bayi redioni. Kila mtoto alikuwa anataka kuwa Bayi."

"Na sasa?"

"Sasa wanataka kuwa hao," akaonyesha kwa mkongojo jezi zilizokuwa uwanjani. Hesabu yangu ya harakaharaka: Arsenal wanne, Manchester United watatu, City wawili, Simba na Yanga wasiohesabika. Mkimbiaji hata mmoja.

BINTI WA ALFAJIRI

Mkimbiaji nilimpata baadaye, na sikumpata kiwanjani. Ni binti wa kidato cha tatu, mrefu, mpole, na raba zake zimeshonwa pembeni kwa uzi wa kiatu. Kaka yake anacheza namba sita kwenye timu ya hapo, ndiye aliyeniambia, "Kama unataka habari za mbio zungumza na mdogo wangu, huyo hachoki."

Nikamuuliza anafanyia wapi mazoezi.

"Barabarani, kaka. Alfajiri, pembeni ya lami, kabla malori hayajawa mengi."

"Pembeni ya Morogoro Road?"

"Ndiyo. Naenda kama Visiga narudi. Lori likija napiga hatua pembeni kwenye mchanga."

"Kwa nini usikimbie kiwanjani?"

Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini samaki haji sokoni mwenyewe. "Asubuhi nipo shule. Jioni kuna mechi. Nikikimbia pembeni nakuta watu wamesimama kwenye njia. Nikisema 'samahani' mara tatu, raundi ishaharibika. Mara moja mpira ulinipiga, watu wakacheka."

Kaka yake alikuwepo, naye si mtu mbaya. Alijitetea kiungwana: "Sisi hatujamkataza mtu. Lakini mechi ikianza huwezi kuwaambia watu wasimame mbali. Wakikaa kule nyuma watashangilia nini? Mpira raha yake watu wawe karibu."

Msomaji, hayo maneno ya namba sita wa Misugusugu nimeshayasoma mahali. Yameshasemwa London, na watu wenye mabilioni, kwenye magazeti makubwa kuliko hili. Nikajikuta natabasamu peke yangu.

STORI YA KIBANDA UMIZA

Jioni tukahamia kwenye banda la video, kibanda umiza chenyewe. Mabati juu, mabenchi chini, jasho katikati, televisheni moja imefungiwa kwenye wavu wa chuma kama mfungwa. Siku hiyo West Ham walikuwa nyumbani. Kamera ikapita juu ya uwanja wao, ule mkubwa wa duara wenye taa za pembetatu juu ya paa.

"Uwanja huo," nikamwambia dogo aliyekuwa pembeni yangu na jezi ya City, "ulijengwa kwa ajili ya riadha."

"Acha kamba, braza."

Si kamba. Ule ni uwanja wa Olimpiki wa mwaka 2012, ulioingiza watu 80,000. Tarehe 9 Agosti 2012 David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 pale kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiongoza mwenyewe mwanzo mpaka mwisho kama Bayi alivyofanya Christchurch. Rekodi hiyo ya dunia mpaka mwaka 2025 unakwisha hakuna aliyeigusa. Pale ndipo Mo Farah alipochukua dhahabu mbili, za mita 10,000 na 5,000, ndani ya wiki moja. Na dada yetu Zakia Mrisho aliiwakilisha Tanzania palepale, kwenye mita 5,000.

Olimpiki ikaisha. Waingereza wakabaki na uwanja wa mamilioni na swali la Misugusugu: nani akae humu? Riadha haijazi uwanja mkubwa kila wiki. Soka inajaza. Tottenham waliwahi kuutaka, lakini mpango wao ulikuwa kuondoa njia za mbio kabisa na badala yake kukarabati uwanja wa riadha wa Crystal Palace, upande mwingine wa jiji. Wakakataliwa, kwa sababu London ilipoomba Olimpiki mwaka 2005 iliahidi kwamba riadha itabaki na nyumba. Mwishowe wakapewa West Ham, kwa mkataba wa miaka 99, na mwaka 2016 wakahamia.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kitu kidogo. West Ham walikuwa wamekaa Upton Park tangu mwaka 1904. Ulikuwa uwanja uliobanana na nyumba za watu, mashabiki wanapumulia shingoni mwa mchezaji anayerusha mpira. Mechi ya mwisho walimfunga Manchester United 3-2, tarehe 10 Mei 2016, watu wazima wakalia. Upton Park ukavunjwa, zikajengwa nyumba za kuishi.

Na walikohamia? Hapo ndipo namba sita wetu anapoingia.

HESABU ZA KITI CHA NYUMA YA GOLI

Ngoja nikufanyie hesabu ya kidato cha pili, usiogope. Njia ya mbio ya kawaida ina mzunguko wa mita 400. Ina vipande viwili vilivyonyooka vya mita 84 na ushei, na kona mbili za nusu duara. Ukilipima eneo la ndani kutoka kona hadi kona unapata kama mita 157. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105. Kinachobaki ukigawa kwa mbili ni mita 26 kila upande nyuma ya goli. Halafu ongeza njia nane za wakimbiaji, kila moja mita 1.22, jumla karibu mita 10. Kwa hiyo shabiki wa nyuma ya goli anakaa mita 36 kutoka kwenye mstari wa goli, na hapo ndipo kiti cha kwanza kinapoanzia!

Kama umewahi kukaa nyuma ya goli Uwanja wa Benjamin Mkapa unanielewa. Bao linaingia, unaangalia jirani ili ujue ni nani kafunga. Linganisha na Azam Complex pale Chamazi, ambako hakuna njia za mbio, na unaisikia sauti ya kipa akipanga mabeki. Hivyo namba sita hakosei: mpira na umbali haviivi chungu kimoja.

Waingereza wakajaribu ujanja. Viti vya chini vikatengenezwa ili viweze kusogezwa mbele, vifunike njia za mbio msimu wa soka, halafu virudishwe nyuma wakati wa riadha. Kuubadilisha uwanja kulikula paundi milioni 323, na kila wanapovisogeza viti wanachoma mamilioni mengine. Pamoja na hayo mashabiki wa West Ham wakanung'unika kwamba bado wako mbali. Tarehe 10 Machi 2018 walipokuwa wanafungwa 3-0 na Burnley, wengine waliingia mpaka katikati ya uwanja. Makelele yakatulia polepole, na mwaka 2023 timu ikabeba kombe la Ulaya la Conference, kombe lao kubwa la kwanza tangu FA ya mwaka 1980.

Palepale ndipo Aston Villa ya Mbwana Samatta iliponusurika kushuka daraja, sare ya 1-1 siku ya mwisho ya ligi, tarehe 26 Julai 2020. Nilipolitaja jina la Samatta kibanda kizima kikageuka. Nilipolitaja la Zakia Mrisho, nilibaki na dogo wa City peke yake.

Sasa hiki ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Wakimbiaji hawakuachwa na "tutaona mbele ya safari". Chama cha riadha cha Uingereza kilipewa haki kwa maandishi: karibu mwezi mmoja kila kiangazi, kwa miaka 50, uwanja ni wao. Mwaka 2017 pakafanyika mashindano ya dunia ya riadha, na Julai 2025 mbio za Diamond League zikajaza watu wapatao 60,000 kwa siku moja. Viti vilirudi nyuma, njia ikatoka chini yake nzima, watu wakakimbia.

WALIKOFUTIWA NJIA

Kwingine hawakuandikiana. Dogo wa City alikuwa anajivunia uwanja wake wa Etihad, nikamuuliza kama anajua ulikotoka. Ulijengwa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester ya mwaka 2002. Na kwenye michezo hiyo Mtanzania Francis Naali alishinda dhahabu ya maratoni. Riadha ilipomalizika, njia za mbio zikang'olewa, uwanja ukachimbwa kwenda chini ili kupata nafasi ya viti vingine karibu na mpira, na mwaka 2003 City wakahamia kutoka Maine Road. Yaliyofuata unayajua, makombe mpaka kabati limeomba msaada. Lakini ukienda Etihad leo huwezi kukimbia hata mita kumi.

Moscow nako vilevile. Uwanja ambao Bayi na Nyambui walipata fedha zao mwaka 1980, ule wa Luzhniki, ulifumuliwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la soka la mwaka 2018. Njia za mbio zikaondolewa, majukwaa yakasogezwa. Na ule wa Christchurch uliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 2011, ukabomolewa. Kwa hiyo ukitaka kwenda kuona palipotokea ushujaa wa Bayi, Christchurch utakuta uwanja haupo, na Moscow utakuta mpira. Cha kushika kwa mkono kiko hapa Mkuza, gari ya Mlandizi inapita.

Kuna na Tokyo. Ule uwanja wa taifa wa Japani uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki, mpango wa awali ulikuwa michezo ikimalizika njia za mbio ziondolewe, uwe wa mpira tu. Baadaye wakabadili mawazo, njia ikabaki. Tarehe 15 Septemba 2025 wanaume wawili wakaingia uwanjani humo baada ya kukimbia kilomita 42, mmoja Mjerumani Amanal Petros, mwingine Alphonce Simbu wa kwetu. Mjerumani alikuwa mbele. Simbu akambana kwenye mita za mwisho, wakafika pamoja, picha ikatazamwa: Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Muda wa dakika na saa ulikuwa mmoja kwa wote wawili, saa 2:09:48. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano ya dunia ya riadha.

Fikiria, dhahabu yetu imeamuliwa kwenye kipande cha njia ambacho kilikuwa kimeandikiwa kung'olewa kwa ajili ya mpira.

Usinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa soka, Jumamosi yangu bila mpira haijakamilika. Na Kibaha ina historia yake ya soka: Ruvu Shooting waliutikisa Uwanja wa Mabatini pale Mlandizi kwa miaka kibao kabla hawajashuka daraja mwaka 2023, na vigogo wa mjini wamekwenda pale wakatoka jasho. Soka ndiyo inayoleta watu, na watu ndio wanaoleta hela ya mipira na nyavu. Kiwanja kisicho na soka kinaota majani, halafu anakuja mtu na tofali zake. Kile cha Misugusugu nadhani kimesalimika kwa sababu kila jioni kuna gozi. Tatizo ni kwamba soka ni mgeni mwenye mabegi mengi. Usipomwonyesha mpaka wa chumba chake, anaweka begi hata kitandani kwako, tena bila nia mbaya.

MKATABA WA MISUGUSUGU

Basi bwana, baada ya mechi tulisimama nje ya kibanda, mimi, namba sita, mdogo wake, na yule mzee aliyekuja kuchaji simu. Stori ya London ikaendelea. Namba sita akasema sisi hatuna paundi milioni 323. Mzee akamjibu, "Kwani nyinyi mna viti vya kusogeza? Nyinyi wa kusogeza ni watu."

Wakaanza kupanga. Jumanne na Alhamisi timu ianze saa kumi na moja kamili badala ya saa kumi na nusu. Kuanzia saa kumi njia iwe ya wakimbiaji, mtu wa miwa apeleke meza chini ya mwembe, bodaboda wapite nje. Binti akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Na siku ya fainali?"

Kimya. Kaka yake akajikuna kichwa. Akasema fainali ni fainali, siku hiyo watu wanatoka mpaka Mlandizi. Mzee akasema hapo ndipo pa kuandikiana, kwa sababu siku za kawaida hazina ugomvi. Binti akasema kama ni hivyo yeye raba zake bado zinajua njia ya Visiga.

Nilipoondoka walikuwa bado wanavutana, lakini mzee alikuwa ameshapasua karatasi ya daftari na anatafuta peni. Mimi nilimwachia ya kwangu. Kama wewe una kiwanja mtaani kwenu, iwe Mbagala, Tandale au Kimara, nenda kaangalie nyuma ya goli. Ukikuta alama ya majivu jua kuna mtu anaihitaji, na yeye hana mashabiki wa kumpigia kelele. Mpeni siku zake, ziandikwe ukutani, na ziheshimiwe hata wiki ya fainali. Hilo halihitaji mfadhili.

Kwa wale wanaotaka kwenda: ondoka mjini asubuhi mapema, shuka Misugusugu, kunywa chai ya barabarani na chapati zake maana ni za moto kweli, kiwanja muulize mtoto yeyote. Mechi huanza jioni jua likipungua. Simama popote upendapo, shangilia mpaka sauti ikauke. Ila ukiona umesimama juu ya mstari wa majivu na kuna mtu anakuja anakimbia, msogelee jirani yako kidogo, apite.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!